Utafiti wa malale katika Serengeti na Tarime

Utafiti wa malale katika Serengeti na Tarime ni kazi ya kisayansi iliyofanywa tangu miaka ya 1920 kuhusu ugonjwa wa malale, vimelea vyake na mbung'o wanaoueneza, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na wilaya zinazopakana nayo mkoani Mara, Tanzania. Kazi hiyo imekutanisha matawi ya sayansi ambayo kwa kawaida hukaa mbalimbali: tiba ya binadamu na ya mifugo, biolojia ya seli, na matumizi ya mionzi ya nyuklia. Maabara zake nyingi zilikuwa nje ya mkoa, huko Tinde, Tororo, Tanga, Basel na Brussels. Hata hivyo swali kuu lilibaki lilelile kwa muda mrefu: kimelea kinachoua watu hukaa wapi wakati ambapo hakuna mtu anayeugua?

Eneo

Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, iko upande wa magharibi wa hifadhi. Wilaya ya Tarime iko kaskazini yake, ng'ambo ya Mto Mara, na inapakana na Kenya. Sehemu ya hifadhi iitwayo Lamai iko kaskazini mwa mto huo na inagusana na vijiji vya Tarime kama Kegonga na Gibaso. Wenyeji ni Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengine. Wengi wao ni wakulima wanaofuga ng'ombe, na ng'ombe ndiye kiungo muhimu katika habari yote hii.

Mbung'o, ambaye sehemu nyingine za Tanzania huitwa ndorobo, anapatikana hapa kwa spishi tatu zinazotajwa sana: *Glossina swynnertoni*, *Glossina pallidipes* na *Glossina brevipalpis*. Ya kwanza ni ya pekee kwa kuwa duniani kote inaishi tu kaskazini mwa Tanzania na sehemu ndogo ya kusini-magharibi mwa Kenya.

Ugonjwa

Malale husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho tripanosoma, jina la kisayansi *Trypanosoma brucei*. Kuna aina tatu zinazofanana kabisa zikitazamwa kwa hadubini. *T. b. gambiense* ya Afrika ya Magharibi na ya Kati huua polepole, kwa miaka. *T. b. rhodesiense* ya Afrika ya Mashariki na Kusini, ambayo ndiyo ya Serengeti, huweza kuua katika wiki au miezi michache. *T. b. brucei* haimwambukizi binadamu, lakini ni mojawapo ya vimelea vinavyoleta nagana kwa mifugo.

Dalili za kwanza ni homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, na mara nyingi kidonda kinachovimba pale mbung'o alipouma. Baadaye vimelea huingia kwenye ubongo. Hapo mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, hulala mchana na kukesha usiku, kisha huzimia na kufa asipotibiwa. Jina la Kiswahili, kutokana na neno kulala, linaeleza hatua hii ya mwisho tu. Ndiyo sababu watu wengi hawaufikirii ugonjwa huu wanapoona homa ya kawaida.

Chanzo cha utafiti

Karibu na mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki na kuua sehemu kubwa ya ng'ombe, pamoja na nyati na nyumbu. Njaa ikafuata, watu wakahama, na mashamba na malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka. Wanyamapori waliporudi kuongezeka, mbung'o walipata damu na kivuli kwa wakati mmoja. Historia hii husahaulika mara nyingi. Nyika ambayo wageni waliiona kuwa pori la asili ilikuwa, katika sehemu zake kadhaa, ardhi ya watu waliokuwa wamefilisika.

Mwaka 1922 mlipuko wa malale ulitambuliwa Maswa, kusini-magharibi mwa Serengeti. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilijibu kwa kuhamisha watu katika makazi ya pamoja na kufyeka vichaka. Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alianzisha utafiti wa mbung'o huko Shinyanga na kuuongoza hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Spishi *G. swynnertoni* imepewa jina lake.

Swali la wanyamapori

Ilikuwa rahisi kuona tripanosoma katika damu ya mnyama. Ilikuwa vigumu kusema kama ni ile inayoua watu, maana aina zote tatu zina umbo moja. Kwa miongo mingi hapakuwa na kipimo kingine isipokuwa mwili wa binadamu.

Jaribio lililodumu kuliko yote lilianza mwaka 1934 huko Tinde, karibu na Shinyanga. Vimelea vilivyotoka kwa mgonjwa vilipitishwa kwa kondoo na swala, mnyama hadi mnyama, kwa kuumwa na mbung'o. Kila baada ya muda mbung'o wenye vimelea hivyo waliachwa wawaume watu waliojitolea, ili ionekane kama vimelea bado vina uwezo wa kuambukiza. Walioambukizwa walitibiwa. Baada ya zaidi ya miaka 20 vimelea vilikuwa bado vinaambukiza watu. Hivyo ilijulikana kwamba kukaa katika miili ya wanyama hakukiondolei kimelea uwezo wake. Majina ya madaktari yamo katika maandishi ya kisayansi, lakini waliotoa miili yao wanatajwa kwa idadi tu. Kwa kanuni za maadili za leo jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa.

Ushahidi kutoka kwa mnyama wa porini mwenyewe ulipatikana mwaka 1958 nchini Kenya. R. B. Heisch na wenzake walitoa tripanosoma katika damu ya pongo aliyepatikana karibu na Ziwa Victoria, wakamwambukiza mtu aliyejitolea, naye akaugua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utafiti uliingia Serengeti kwa nguvu. Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifanya kazi pamoja na Shirika la Utafiti wa Tripanosoma la Afrika Mashariki (EATRO) lililokuwa Tororo, Uganda. Kati ya watafiti wake walikuwa P. M. Mwambu na R. J. Onyango. Ripoti zao ziliita eneo hilo Wilaya ya Musoma, kwa mipaka ya wakati ule. Walichunguza watu, mbung'o, ng'ombe na wanyamapori. Simba, fisi na kongoni walikuwa miongoni mwa wanyama waliokutwa na vimelea vya kundi la *brucei*, na baadhi ya vimelea vilivyotoka kwa wanyama vilionyesha uwezo wa kuambukiza binadamu. Kwa simba na fisi hudhaniwa kwamba hawaambukizwi na mbung'o tu, bali pia kwa kula mawindo yenye vimelea.

Mwaka 1970 L. R. Rickman na J. Robson wa EATRO walitoa njia ya kuepuka kumtumia mtu. Waliviweka vimelea katika damu ya binadamu kwa saa kadhaa ndani ya chupa, kisha wakavidunga kwa panya. Kama panya aliambukizwa, vimelea vilikuwa vimestahimili damu ya mtu. Kipimo hiki kilikuwa cha polepole na majibu yake yalibadilikabadilika, lakini kiliondoa haja ya kumwambukiza mtu kwa makusudi.

Ndani ya seli

Kwa nini damu ya binadamu huiua *T. b. brucei*, lakini haiiui *T. b. rhodesiense*? Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa ameona tangu mwaka 1902 kwamba maji ya damu ya binadamu yana kitu kinachodhuru tripanosoma. Jibu lilichukua karne nzima.

Mwaka 1998 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba jeni moja iitwayo SRA, ikihamishiwa kwenye tripanosoma inayouawa na damu ya mtu, huipa uwezo wa kustahimili. Mwaka 2003 kikundi hichohicho cha Etienne Pays kilitambua protini inayoua: ni APOL1, inayosafiri katika damu pamoja na chembe za mafuta. Tripanosoma huimeza ikidhani ni chakula. Ikiwa ndani, protini hiyo hutoboa utando wa kifuko cha kumeng'enyea na seli huvimba mpaka ikafa. Protini ya SRA huikamata APOL1 na kuizuia isitoboe. Tofauti kati ya ugonjwa wa ng'ombe na kifo cha mtu imo katika jeni hiyo moja.

Ugunduzi huu una upande wa pili. Mwaka 2010 ilibainika kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, hasa Afrika ya Magharibi, wana aina za APOL1 zilizobadilika kidogo. Moja ya aina hizo haikamatwi vizuri na SRA, hivyo damu yenye protini hiyo huweza kuua *T. b. rhodesiense*. Lakini mtu aliyerithi aina hizo kutoka kwa wazazi wote wawili huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Ni mfano unaofanana na ule wa selimundu na malaria.

Ugumu mwingine uko juu ya ngozi ya seli. Tripanosoma imevikwa koti la molekuli karibu milioni 10 za protini ya namna moja. Mwili wa mgonjwa hutengeneza kingamwili dhidi ya koti hilo na kuua vimelea vingi. Vichache ambavyo vimebadili koti huponyoka na kuzaliana, na homa hurudi. Katika jeni zake kimelea kina akiba kubwa ya makoti, pamoja na vipande vilivyoharibika ambavyo huweza kuunganishwa upya. Kwa sababu hiyo hakuna chanjo ya malale, na wala hakuna dalili kwamba itapatikana karibuni.

Serengeti ina mahali pake katika sayansi hii kwa njia ambayo wenyeji wachache wanaijua. Vimelea vilivyotolewa kwa kongoni wa Serengeti mwaka 1971 vilipelekwa Basel, vikagandishwa na kupewa jina STIB 247. Mwaka 1986 Leo Jenni, aliyekuwa mmoja wa kikundi cha Geigy, na wenzake walivichanganya ndani ya mbung'o na vimelea vya mgonjwa kutoka Côte d'Ivoire. Walipata machotara. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa maabara kwamba tripanosoma hubadilishana jeni. Maana yake kwa wakazi wa Mara ni nzito: jeni ya SRA inaweza kuhamia kwenye vimelea vilivyokuwa havina madhara kwa watu.

Jeni hiyo pia ndiyo iliyotoa kipimo kilichokuwa kikitafutwa tangu Tinde. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imewezekana kuitafuta SRA katika tone la damu ya mnyama yeyote, bila mtu wala panya. Magai Kaare na wenzake waliitumia njia hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wakaikuta *T. b. rhodesiense* katika ng'ombe na wanyamapori wa eneo la Serengeti. Ng'ombe hao hawakuwa lazima waonekane wagonjwa.

Mionzi dhidi ya mbung'o

Kwa kuwa vimelea hujificha kwa wanyama, njia mojawapo ni kumwondoa mbung'o. Hapa ndipo mada za nyuklia zinapoingia.

Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake na kuhifadhi mbegu. Hatagi mayai. Hulea buu mmoja tumboni na kumzaa akiwa mkubwa, kila baada ya siku 9 au 10. Mdudu anayezaa polepole hivyo hawezi kufidia hasara haraka. Madume wa kufugwa wakipigwa mionzi ya gama, kromosomu katika mbegu zao huvunjika, lakini bado hupanda majike. Jike aliyepandwa na dume wa aina hiyo hazai.

Mionzi hutoka kwa kobalti-60 au sesiamu-137. Kobalti-60 hutengenezwa katika tanuri la nyuklia kwa kuipiga kobalti ya kawaida kwa nyutroni, na nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Sesiamu-137, ambayo hutokana na kupasuka kwa urani, huchukua miaka 30 hivi. Dozi ya mbung'o mara nyingi ni kati ya gray 50 na 120 kutegemea spishi. Kwa binadamu gray 4 au 5 za mwili mzima zinatosha kuua asipopata matibabu, ndiyo maana chanzo hufungiwa ndani ya risasi nzito na kusimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mbung'o aliyepigwa mionzi ya gama habaki na mionzi mwilini, kama vile mtu aliyepigwa picha ya eksirei asivyobaki nayo.

Jaribio la kwanza kubwa nchini lilifanywa miaka ya 1977 na 1978 katika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga, dhidi ya *Glossina morsitans*. Idadi ya mbung'o ilishuka, lakini wengine waliingia kutoka nje ya eneo lililofyekwa. Matokeo ya Unguja yalikuwa tofauti. Huko spishi ilikuwa moja tu, *Glossina austeni*, na tatizo lilikuwa nagana ya mifugo, si malale ya watu. Mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vyenye dawa. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 madume tasa zaidi ya milioni 8, waliofugwa Tanga, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997.

Mafanikio hayo hutajwa mara kwa mara kama kwamba yangeweza kuhamishiwa Serengeti. Jambo hilo si rahisi. Serengeti haina bahari ya kuizunguka, bali inaungana moja kwa moja na Maasai Mara ya Kenya na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Ina spishi tatu, na kila moja ingehitaji kufugwa kwa mamilioni peke yake. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 14,763, wakati Unguja nzima ina takriban 1,650. Tena wako watetezi wa mazingira wanaouliza kama ni sawa kuangamiza *G. swynnertoni*, spishi isiyopatikana kwingine. Swali hilo lina uzito mdogo kwa mchungaji wa Robanda au Kegonga kuliko kwa mtaalamu aliye mbali, lakini lipo.

Kwa hiyo njia zinazotumika ni za kawaida zaidi: vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa ya kuulia wadudu, na ng'ombe kuogeshwa au kupakwa dawa. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, jambo linalowafanya waongoza watalii wawashauri wageni wasivae nguo za bluu au nyeusi.

Dawa

Kwa takriban karne moja malale ya *rhodesiense* ilitibiwa kwa suramini katika hatua ya kwanza, na tangu mwaka 1949 kwa melasoproli katika hatua ya ubongo. Melasoproli imetengenezwa kwa aseniki, huunguza mshipa inapodungwa, na imeua takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa nayo.

Mabadiliko yaliletwa na vidonge vya feksinidazoli. Katika maabara dawa hiyo ilijaribiwa pia dhidi ya STIB 900, uzao wa vimelea vilivyotolewa kwa mgonjwa wa Tanzania mwaka 1982. Majaribio kwa wagonjwa wa *rhodesiense* yalifanyika Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza kuwa dawa ya kwanza pia kwa aina hii ya malale.

Hali ya sasa

Wagonjwa wanaoripotiwa Afrika nzima wamekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka tangu 2018, na wa *rhodesiense* ni sehemu ndogo yao. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliugua baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire. Tukio hilo liliandikwa sana kuliko wagonjwa wa vijijini, kwa kuwa watalii walirudi kwenye hospitali zenye vipimo. Kenya ilithibitishwa na WHO mwaka 2025 kuwa imeumaliza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Wagonjwa wake wa mwisho, mwaka 2012, walikuwa wageni waliotoka Maasai Mara, yaani upande wa pili wa mpaka wa Tarime.

Hatari ya kurudi iko hasa kwa ng'ombe wanaouzwa mbali. Mwaka 1998 malale ilizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo haikuwapo, baada ya ng'ombe kutoka eneo lenye ugonjwa kuletwa mnadani. Ng'ombe wa Mara huuzwa minadani na wengine huvuka mpaka. Kuwadunga diminazini, ambayo wafugaji wengi huijua kwa jina la Berenil, kabla ya kusafirishwa huondoa vimelea mwilini mwao.

Kwa binadamu kikwazo kikubwa ni utambuzi. Zamani mpimaji aliyetafuta malaria kwa hadubini aliweza kuikuta tripanosoma kwenye kioo hichohicho. Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho sasa kipo karibu kila zahanati, huonyesha malaria tu. Mwenye homa ambaye kipimo chake hakionyeshi malaria, na aliyekuwa akichunga, akirina asali au akitafuta kuni karibu na hifadhi, anahitaji damu yake itazamwe kwa hadubini. Kabla ya feksinidazoli, vimelea vilipoonekana, yalichotwa maji ya uti wa mgongo ili kujua kama vimefika kwenye ubongo, kwa kuwa matibabu yalitegemea jibu hilo.